Mashine Ikigomea Mafuta ya Chipsi, Anzia Kwenye Pipa

Nikiitwa kuangalia injini ya kusagia iliyogoma baada ya kuhamishiwa mafuta ya chipsi, yaani mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, badala ya dizeli, mara nyingi nakuta kazi imeshaanza bila mimi. Nozo, ile inayopuliza mafuta ndani ya silinda, imefunguliwa, pampu imelazwa juu ya gunia, filta mpya mbili zimenunuliwa, na mwenye mashine ameshika tama. Nikiuliza mafuta yenyewe yako wapi, naonyeshwa pipa nyuma ya banda. Tangu shida ianze, hakuna aliyelifunua.

Kazi hii naifanya huku Mafinga, mkoani Iringa, kwenye injini za mtindo wa Lister, zile za magurudumu mazito zinazozunguka taratibu. Asili yake ni Dursley, Uingereza, na nakala zake kutoka Rajkot, India, zimesambaa sana. Ni injini zinazovumilia mafuta ya mimea. Tena jambo lenyewe ni la zamani: kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel alikuja kusimulia kuwa ilienda vizuri kiasi kwamba watu wachache tu ndio waliotambua. Kwa hiyo injini haina ugomvi na mafuta ya kupikia. Ugomvi wake ni na maji, uchafu na ubaridi, na vyote vitatu unaweza kuviona kwenye pipa kabla havijafika kwenye nozo.

Nitakayoeleza hapa yanahusu mafuta yaliyokwisha kukaangia, ya alizeti au ya mawese. Hayahusu oili chafu ya gereji. Oili chafu imebeba unga wa chuma, masizi na dawa za kiwandani zenye zinki na kalsiamu, na kitambaa hakizitoi. Zikiungua huacha majivu magumu kwenye valvu, na moshi wake si wa kuwavutisha akina mama waliopanga foleni na ndoo za mahindi. Pipa likishachanganywa hivyo viwili halitengenezeki nyumbani. Wape wanaokusanya oili chafu, uanze na pipa jingine.

Pia mwenye gari la kisasa lenye mfumo wa komoni reli asijaribu haya kwenye gari lake. Matundu ya nozo zake ni madogo mno na pampu yake inasukuma kwa mgandamizo mkubwa mno. Kosa dogo litakugharimu kuliko dizeli ya mwaka mzima.

Inawaka vizuri, inasaga debe mbili, kisha inafifia

Hapa ni filta, na hakuna fundi asiyelijua hilo. Kinachosahaulika ni kuiuliza filta imezibwa na nini. Usiitupe. Ikate kwa msumeno wa chuma, kunjua karatasi yake, ukate kipande ukubwa wa kiganja, ukitumbukize kwenye beseni la maji ya moto.

Ute mweupe au wa njano ukiyeyuka na kuelea kama mafuta ya supu, hiyo ni sehemu nzito ya mawese iliyoganda. Maji yakiteleza vidoleni na kutoa povu, ni sabuni, na utakuta mwenye mashine anatumia biodizeli, yaani mafuta ya kupikia yaliyopikwa kwa kemikali yawe mepesi kama dizeli, aliyoipika mwenyewe bila kuiosha sawasawa. Chembe nyeusi zikizama ni mkaa wa chipsi, vipande vya viazi na unga wa kuku vilivyoungua. Chembe nyekundu ni kutu ya pipa. Na ukiona matope meusi laini wakati mafuta yako ni masafi, hayo yalikuwa kwenye tangi tangu enzi za dizeli. Biodizeli hung'oa uchafu wa zamani ulioganda ndani ya tangi na kuuleta wote kwenye filta ya kwanza au ya pili. Hilo la mwisho huisha lenyewe. Badilisha filta, subiri, badilisha tena.

Mawese kuganda huku kwetu ni shida ya Juni na Julai. Asubuhi unakuta dumu limekuwa na tabaka jeupe chini, juu kuna mafuta ya maji maji. Watu hulitikisa dumu ili lichanganyike, na hapo ndipo wanapoharibu. Liache litulie, chota ya juu utumie, ile nzito ihifadhi mpaka joto lirudi au wape wanaotengeneza sabuni. Msimu wa baridi mimi nanunua kwa wakaangaji wanaotumia alizeti, maana yake hubaki ya maji maji hata alfajiri.

Mkaa wa chipsi unatokana na haraka. Mafuta yanaletwa jioni, yanapitishwa kwenye chujio la chai, kesho yake yako kwenye tangi. Pipa langu hutuama wiki nzima. Kwanza napasha mafuta hadi nyuzi 60, nayaacha yapoe yenyewe bila kuguswa, halafu nachota kwa koki iliyofungwa kiganja kimoja juu ya kitako. Koki ya pili, ya chini kabisa, ni ya kumwagia mashapo tu. Baada ya hapo yanapita kwenye mguu wa suruali ya jinsi uliofungwa chini, kisha kwenye filta ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Usikamue ile jinsi ili iende haraka. Ukiikamua unasukuma kwa nguvu kile ulichotaka kibaki.

Inakohoa, inapiga misi, inatoa moshi mweupe

Moshi mweupe wa dakika za kwanza asubuhi usikutishe. Ukiendelea hata injini ikipata moto, kuna maji kwenye mafuta, au kuna hewa kwenye njia ya mafuta, au mafuta yanaingia baridi na hayaungui yote.

Kupima maji kunahitaji kikaango tu. Kiweke kikavu motoni mpaka tone la maji likidondoshwa linaruka na kutoweka. Kisha dondosha matone machache ya mafuta uliyoyatoa chini ya tangi la injini. Yakifuka moshi mwembamba na kukaa kimya, ni makavu. Yakitatarika, yana maji. Yakitoa vitone vidogo vya povu bila sauti, maji yapo kidogo, na mimi nayahesabu kuwa bado hayafai.

Maji yanatoka wapi wakati mafuta yamechemka siku nzima kwenye karai? Nililishangaa hili mpaka siku moja nilipokaa kibandani usiku wakati wa kufunga. Mpishi alimimina mafuta kwenye dumu langu, akasuuza karai kwa kikombe cha maji, akamimina na yale maji humo humo ili asipoteze hata tone. Hakuwa na nia mbaya, kwake mafuta ni mafuta. Pamoja na maji yale ilikwenda chumvi ya chipsi, na maji ya chumvi yakifika kwenye pampu huanza kula chuma kilichosuguliwa kama kioo. Tangu hapo kila mpishi ninayenunua kwake nimempa dumu langu lenye faneli na kifuniko, na dumu lisilotatarika nalilipia zaidi. Hiyo nyongeza ya bei imenisaidia kuliko filta yoyote.

Mafuta yenye maji yakitibiwa, yapashwe hadi nyuzi 60 na yaachwe yatuame, maji yashuke chini yamwagwe. Usiyachemshe kwa moto mkali kufukuza maji. Maji yaliyolala kitakoni yakigeuka mvuke kwa mpigo hurusha mafuta ya moto nje ya pipa, nayo yanashika ngozi na hayadondoki.

Kikaango kikikaa kimya na injini bado inakohoa, tafuta hewa. Mafuta mazito yakivutwa kwenye bomba jembamba hufanya hewa iingie mahali ambapo dizeli haikuwahi kuvuja. Kaza nati zote, halafu toa upepo kuanzia kwenye filta kwenda kwenye pampu mpaka mafuta yatoke bila mapovu.

Jana ilifanya kazi, leo haiwaki

Swali langu la kwanza huwa moja: jana uliizima ikiwa inatumia nini? Mafuta ya mimea kwenye nyuzi 40 ni mazito kutiririka, siyo kwenye mizani, kama mara kumi ya dizeli, na yakipoa usiku kucha ndani ya pampu na bomba la nozo, hendeli unaweza kuizungusha mpaka bega lichoke na nozo isipulize chochote zaidi ya matone.

Ndiyo maana injini inatakiwa iwe na matangi mawili. Unaiwasha kwa dizeli. Maji ya kupozea yakishapata moto na mafuta yamefika nyuzi 70 kwenda juu kabla ya kuingia kwenye pampu, unageuza koki. Ukikaribia kuzima unarudisha dizeli, ukiiacha injini inasaga mpaka mafuta yote yaliyo kwenye filta, pampu na bomba yameisha. Kwenye mashine zangu hiyo ni kama dakika 5. Kila tangi likiwa na filta yake, muda huo unapungua.

Kama imeshalala na mafuta, geuza koki kwenye dizeli, funga kitambaa kwenye pampu na bomba la nozo, mwagia maji ya moto juu ya kitambaa, legeza nati ya bomba upande wa nozo, kisha zungusha mpaka uione dizeli. Kaza, washa. Maji ya moto yasiguse silinda hedi, kwa sababu chuma cha kalibu kikiwa baridi hupasuka.

Bomba la kupashia mafuta litengeneze kwa chuma cha kawaida. Wengi hupenda shaba kwa kuwa inapitisha joto haraka, lakini shaba huharakisha mafuta kuchacha na kugeuka ulimbo. Na lipite kwenye maji ya moto ya injini, lisizungushwe kwenye ekzosi, ambako mafuta huungua ndani ya bomba lenyewe.

Nguvu inapungua wiki hadi wiki, moshi unakuwa mweusi

Hapa watu hulaumu mafuta kwamba hayana nguvu. Ni kweli kilo moja ya mafuta ya mimea ina nguvu pungufu kuliko ya dizeli, lakini ni nzito zaidi kwa lita, kwa hiyo tangi kwa tangi tofauti ni ndogo. Kama mashine iliyokuwa inasaga gunia bila wasiwasi sasa inazama ukimimina debe, kuna kitu kimeharibika. Kabla ya nozo angalia filta ya hewa. Kwenye kinu cha mahindi hujaa unga haraka, na nimeona mashine ikirudi hai kwa kuikung'uta tu.

Hewa ikiwa safi, sasa fungua nozo. Ukiona ncha yake imeota mkaa mgumu kuzunguka tundu, kama maua meusi, mafuta yalikuwa yakidondoka badala ya kupulizwa unyunyu. Sababu kubwa ni mbili: kugeuza koki kabla mafuta hayajapata moto, na kuiacha injini ikiunguruma bure ikisubiri wateja. Injini isiyo na mzigo haipati joto ndani ya silinda, na mafuta yasiyoungua hujenga mkaa. Mteja akichelewa, rudisha dizeli au zima.

Mkaa huo usiukwangue kwa kisu wala kwa sandipepa. Loweka nozo kwenye dizeli usiku kucha, usugue kwa brashi ya waya wa brasi, ukaipime kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Wakati wa kupima weka mikono mbali, maana mpulizo wa nozo hupenya ngozi na kuingiza mafuta mwilini. Kijidonda chake huonekana kama cha sindano, lakini mtu aliyechomwa hivyo aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumwi.

Oili ya injini imepanda au imekuwa nzito

Hili ndilo linaloua injini, na halina sauti. Mafuta yasiyoungua hupita pembeni ya ringi na kushuka kwenye oili. Mwanzoni kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imeongezeka bila mtu kuongeza, na wenye mashine hufurahi. Baadaye yale mafuta ya mimea yanaungana na oili na kuganda. Ukichovya kijiti ukakiinua, oili inavuta nyuzi kama ulimbo wa kunasia ndege. Ikifika hapo, beringi hazipati oili inavyopasa.

Kipimo kikipanda, mwaga oili siku hiyo, hata kama ulibadilisha juzi, kisha rudi kutafuta kwa nini mafuta hayaungui: nozo, joto, ringi zilizogandishwa na mkaa. Mimi nabadilisha oili kila saa 100 za kazi kwa injini inayotumia mafuta ya mimea, na kijiti nakiangalia kila asubuhi kabla ya kugusa hendeli. Mafuta ya alizeti ni mabaya zaidi ya mawese kwa hili, kwa sababu yale yasiyoganda kwa baridi ndiyo yanayogeuka ulimbo upesi kwa joto.

Mipira ikivimba na kulowa jasho la mafuta, badilisha uweke ya aina inayostahimili, kama Viton. Mpira wa asili haudumu, hasa kwenye biodizeli.

Kwa wanaopika biodizeli

Kupika kwa methanoli na kostiki soda kunaondoa uzito wa mafuta, na injini haihitaji tangi la pili. Lakini nasema wazi kwamba sikushauri kuanza nyumbani penye watoto. Methanoli ni sumu kwa kunywa, kwa kuvuta hewa yake na hata kwa kupitia ngozi, na moto wake mchana karibu hauonekani. Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Hapa Tanzania kemikali hizi ziko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa. Pikia nje, vaa glovu na miwani, na mafuta yakishapashwa zima moto kabisa kabla ya kufungua methanoli. Kamwe isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Matatizo yake mengi yanaanzia kwenye kipimo kilichorukwa. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri, siyo asidi. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za isopropanoli (aina ya spiriti), tia matone ya kiungo cha manjano kilicholowekwa kwenye spiriti, kisha dondosha ile soda mpaka rangi ya njano igeuke nyekundu na kubaki hivyo nusu dakika. Zimetumika mililita 3? Jumlisha na 5, upate gramu 8 za kostiki soda kwa kila lita ya mafuta. Methanoli ni mililita 200 kwa lita. Kipimo kikizidi mililita 6, mafuta yamechakaa. Yachuje uyatumie kwenye injini ya matangi mawili.

Sasa ukiona dumu zima limeganda kama jeli, soda ilizidi au mafuta yalikuwa na maji, na umepata sabuni. Glycerini, ule uzito unaojitenga na biodizeli, ikikataa kushuka chini hata baada ya saa 24, mara nyingi soda ilikuwa imelala wazi ikanyonya unyevu na hewa mpaka ikachoka, au mafuta yalikuwa baridi. Nyuzi 55 zinatosha, na usikaribie 64.7 ambapo methanoli huchemka.

Glycerini imeshuka na bado una wasiwasi? Tia mililita 3 za biodizeli kwenye mililita 27 za methanoli, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22. Ikiyeyuka yote, iko sawa. Tone la mafuta likizama chini, kuna mafuta ambayo hayakupikika, irudie na methanoli na soda kidogo. Hao hao wasiopima ndio huja kulalamika kuwa maji ya kuoshea yamegeuka maziwa. Mchanganyiko ule upashe kidogo, tia maji ya uvuguvugu yenye chumvi, uache utengane wenyewe, kisha osha tena kwa maji matupu mpaka chumvi iishe. Ukishaosha, iache wazi mahali penye joto mpaka usome gazeti kupitia kwenye glasi. Ikiwa na ukungu ina maji, isipokuwa kama ni ya mawese na asubuhi ni ya baridi: biodizeli ya mawese huanza ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16 hivi. Ipashe kidogo. Ukungu wa baridi hutoweka, wa maji hubaki.

Moto

Mafuta yakiwaka kwenye chombo cha kupashia, funika kwa bati au mchanga. Maji yatautapanya moto hadi kwenye paa. Matambara yaliyolowa alizeti usiyarundike kwenye kona ya banda, kwa sababu hujipasha yenyewe na yanaweza kuwaka usiku hakuna mtu. Yatandaze nje yakauke au yatie kwenye ndoo ya maji.

Kwa kila pipa ninalolimaliza kulichuja, najaza chupa moja nyeupe, naandika tarehe na jina la kibanda yalikotoka mafuta, naiweka dirishani kwenye banda la mashine. Zipo pale sita sasa. Injini ikibadilika sauti, naziangalia hizo kabla ya kushika spana: kama kuna mstari wa maji chini, utando mweupe, au mashapo ambayo wiki iliyopita hayakuwepo.